Hakuna Ng'ombe wa Bluu

Kitongoji cha Mwamalulu,
Shinyanga Vijijini.
Jumatano, 2 Julai 2025

Makoye amenunua gari, Serafina! Gari, siyo pikipiki! Na siku alipolileta nyumbani, kijiji kizima kililia msiba.

Haya, nimeshasema, moyo umetulia, sasa naweza kukusalimia kama watu wanavyosalimiana. Mpendwa mdogo wangu Serafina, mwangaluka. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, marahaba sana. Hujambo huko Mbinga? Shemeji Gaudensi mgongo wake unaendeleaje? Na yule mjukuu aliyekuwa anakohoa ameshapona? Baridi ya huko naisikia kwenye redio nakuonea huruma, maana wewe tangu utoto ulikuwa wa kuota moto hata mwezi wa kumi.

Sisi huku ni wazima, ila wazima wa kuchoka. Pamba tunavuna, vidole vimechanika. Baba Makoye bado anauburuta ule mguu wa kushoto tangu kiharusi cha mwaka jana. Asubuhi namnyanyua, jioni namlaza, na katikati ni pamba. Hapa nakuandikia mchana nimekaa juu ya gunia, maana nikikaa kwenye kiti nitasinzia. Ningekupigia, lakini simu yako inakatika kila nikifika kwenye utamu, na habari hii haitaki kukatwakatwa.

Sasa gari. Siyo kwamba najisifu, unanijua, mimi si mtu wa maneno. Lakini nitajie mama mwingine hapa Mwamalulu ambaye mtoto wake ana karasha lake mwenyewe kule Rwamgasa, Geita, anasagia watu mawe ya dhahabu, na sasa ana Noah. Huna wa kumtaja. Mke wa mwenyekiti ana mtoto mwenye bajaji, na tuliisikia bajaji hiyo miezi mitatu kanisani. Mimi nimenyamaza tu, namshukuru Mungu. Nimewaambia watu wachache, wale niliokutana nao.

Na hakununua kwa ajili ya kujionyesha. Alilinunua kwa sababu ya baba yake. Daktari wa Shinyanga mjini anataka amwone kila wiki, auvute ule mguu, aupinde, auzoeze. Sasa mzee aliyepooza upande mmoja utampakia vipi kwenye bodaboda? Tulijaribu mara moja, nikakaa nyuma nimemshika kama mzigo wa kuni. Tulipofika hakuna aliyejua nani kati yetu ndiye mgonjwa. Basi kliniki tukawa tunaruka. Tunaenda wiki hii, tunaruka tatu, na mguu nao ukawa unakauka. Makoye akasema, "Mayu, mama yangu, ngoja." Sikujua anachonisubirisha.

Kosa lake moja, mwanangu huyu, ni kupenda kushtukiza watu. Hakusema kitu. Alizima na simu ili nisimpigie nikamharibia siku yake. Akatoka Geita asubuhi na Noah yake, nyeupe, imeoshwa, inang'aa.

Nyeupe, Serafina. Wewe umekaa sana mbali, labda umesahau. Huku kwetu, kijana akifukiwa kwenye duara, lile shimo la dhahabu, kule machimboni, anarudishwa na Noah nyeupe. Sijui nani alipanga hivyo, labda ndizo zinazokodishwa kwa urahisi. Lakini kila mama mwenye mtoto machimboni, akiona Noah nyeupe inakata kona pale kwenye kisima, anashika kichwa kwanza, halafu ndipo anauliza inaenda kwa nani.

Ndivyo alivyorudi Donatus wa Paskazia, mwaka juzi. Unamkumbuka Paskazia, jirani yangu wa upande wa kisima, yule aliyekusuka ulipokuja kwenye arusi ya binti yangu Limi. Donatus alikuwa analala chumba kimoja na Makoye huko Rwamgasa na walikuwa wakishuka duara moja. Siku lilipobomoka Makoye alikuwa juu. Tangu siku hiyo hakushuka tena, akaanza mambo ya karasha.

Basi ni nani aliyeiona Noah ya Makoye kwanza? Ni Paskazia. Yuko kisimani na ndoo yake, anaona nyeupe inakuja, inapunguza mwendo, haiendi kwake, inakata kwangu. Alitupa ndoo. Sauti aliyoitoa niliisikia niko katikati ya shamba. "Makooooye! Makoye wa Nyamizi jamani!"

Mdogo wangu, usiombe. Mimi nilikaa chini hapo hapo kwenye pamba. Sikulia.

Na unajua watu wetu kwenye msiba hawana uvivu. Nilipoinuliwa na kuletwa nyumbani, wanawake wameshajifunga kanga viunoni, unga umeshafika, kuni zimeshafika, wale wa chama cha kuzikana wameshashusha sufuria kubwa na turubai. Mzee mmoja alikuwa ameshauliza tunachimba upande gani. Na katikati ya makelele hayo yote mwanangu amesimama mlangoni pa gari, shati limepigwa pasi, ameshika mkate na soda za baba yake, anasema, "Jamani, nani amekufa? Nani amekufa?"

Walipomwona wengine walikimbia. Mmoja alimwaga unga.

Baba Makoye alikuwa kwenye kiti chake kando ya ghala. Aliposikia jina la mwanawe linaliliwa alitaka kusimama kwa mguu ule usiosimama, akaanguka. Hakuvunjika, Mungu ni mwema, ila presha ilipanda hadi macho yakawa mekundu, na maneno yaliyokuwa yameanza kumrudi yakapotea siku kadhaa.

Halafu kuna jambo la unga. Hapa kwetu unga ukishaletwa msibani haurudi ulikotoka. Wazee walikaa kidogo wakaamua upikwe. Basi ugali ukapikwa, mboga ikatafutwa, watu wakala, wakaanza na kucheka. "Makoye, kula baba, wachache sana wanaowahi kuonja wa msiba wao!" Na yeye akala. Alikula ugali wa msiba wake mwenyewe, Serafina, mimi mama yake nikimtazama. Wengine walicheka, mimi sikuona cha kuchekesha, na yeye pia hakuona.

Jioni aliniambia maneno mawili tu. "Mayu, kumbe ndivyo mlivyomlilia Donatus." Nikasema ndivyo. Asubuhi akaondoka na gari lake, akasema atalipeleka Kahama liuzwe, na hataki kumwona Paskazia mbele ya macho yake.

Hapo ndipo uchovu wenyewe ulipoanza. Mtoto kakasirika. Paskazia kajifungia, anaenda kisimani alfajiri ili asikutane na mtu. Na mzee, maneno yalipomrudi, la kwanza alilolitamka vizuri ni hili: "Mimi lile silipandi. Litanipakia siku nisiyoweza kukataa." Kliniki ikabaki vilevile, safari hii gari lipo na mgonjwa yupo.

Limi ndiye aliyetengeneza. Yule binti yangu ni mwalimu wa sekondari Kahama, najua unajua, lakini acha niliandike hata hivyo. Alimkuta kaka yake gereji kabla hajapata mteja, akamwambia, "Kaka, gari halina kosa, rangi ndiyo yenye kosa. Rangi inapakwa." Makoye akang'aka kwanza. Nyeupe ndiyo rangi ya mtu mwenye akili, akasema. Haishiki joto, kopo lake linauzwa kila duka, ukikwaruza unapaka mwenyewe kwa brashi, na siku ya kuuza wanunuzi wanapanga foleni. Limi akamjibu, "Sawa, rangi ya akili. Na baba atakwenda kliniki kwa miguu ya nani?"

Basi, wakamwendea fundi wa kupuliza rangi, anaitwa Masudi, mtu wa maneno mengi na msasa mfukoni. Masudi akawaambia kubadilisha rangi si kama kubadilisha shati. Kadi ya gari nayo lazima irekebishwe, la sivyo kila askari wa barabarani atakuwa rafiki yenu. Kwa hiyo chagueni mara moja, msinirudie. Akawapulizia vipande vya bati, kila kimoja rangi yake, wakaja navyo nyumbani kama watu wanaouza sahani.

Nikutajie. Kulikuwa na nyeusi, ambayo Limi aliitaka kwa sababu inakaa kibosi. Kulikuwa na ya fedha, hiyo ya Makoye, kwa sababu vumbi haionyeshi na yeye hana muda wa kuosha. Kulikuwa na damu ya mzee, hiyo yangu. Usinicheke. Nimeiona kwenye makochi ya mchungaji na tangu siku hiyo sijaisahau. Na kulikuwa na bluu, hiyo haikuwa ya mtu, Masudi alikuwa na mabaki kwenye kopo akaongeza tu. Kijani walikataa kuileta, watu wasije wakadhani Makoye anagombea udiwani.

Tukavifunga kwenye uzio kando ya barabara ili vipigwe na jua na vumbi la malori ya pamba kama gari litakavyopigwa. Nyeusi ilitoka siku ya kwanza. Nilianika michembe juu yake, na viazi vinavyochukua siku kukauka vilikuwa vinagonga kama mbao kufikia jioni. Nikamwambia Limi, "Ukimweka baba yako humo ndani utamtoa mchembe." Hiyo ikaisha.

Ya fedha, nisiseme uongo, ilishinda vumbi. Wiki nzima haikuguswa na ilikuwa kama imepanguswa asubuhi ile. Makoye alikuja Jumapili, akaanza kutembea mbele yake kwa maringo. "Mayu, mnaona? Mnaona?" Damu ya mzee yangu ilikuwa imegeuka tope, na bluu nayo ilikuwa na vumbi kama kila kitu chenye rangi.

Baba yao alikuwa kwenye kiti anatazama tu. Wote tulikuwa tumemsahau, ndivyo mgonjwa anavyosahaulika wenye afya wakibishana. Akasema, "Vipelekeni kule."

"Kule wapi, Baba?"

"Kule mwisho wa shamba. Pale ng'ombe wangu walipokuwa wanatokea."

Unamjua shemeji yako. Mtu huyu amechunga tangu ana meno ya utoto. Alikuwa anasimama hapa kwenye ghala, ng'ombe wakiwa bado punje punje kule kwenye mbuga, anakuambia yule mwenye baka amebaki nyuma, na yule wa majivu kaingia kwa watu. Hawahesabu, anawasoma rangi. Mwili umemwangusha, lakini macho bado ni yale yale.

Basi Makoye akabeba mabati yake kichwani hadi mwisho wa shamba, barabarani kabisa. Limi akashika simu karibu na mdomo wa baba yake, sauti imefunguliwa. Tukasubiri lori la pamba lipite, vumbi likasimama kama ukuta.

"Baba, nimeinua. Unaona nini?"

"Hujainua kitu."

"Nimeinua ya fedha, Baba! Iko juu ya kichwa!"

"Basi umeinua vumbi. Shusha. Hata lori lijalo halikuoni, ng'wanone."

Nilimwona Limi ananitazama. Makoye aliishusha mwenyewe. Barabara ya Geita anaijua vizuri, na malori yake pia.

"Haya. Hii je?"

"Unasimama kando ya kichuguu kwa nini?"

"Hakuna kichuguu hapa, Baba. Hiyo ni ya mama, damu ya mzee."

"Mwambie mama yako ni kichuguu."

Hata Limi alicheka, shetani yule. Makochi ya mchungaji yako ndani ya nyumba, hayapiti barabarani, ndiyo maana yanapendeza.

Ikaja ya tatu. Vumbi lilikuwa bado halijatua. Mzee akaweka mkono juu ya macho, ule mkono mzima. Nikadhani amechoka. Nikataka kumwambia Makoye arudi.

"Hiyo," akasema. "Hiyo inakuja."

"Unaona nini, Baba?"

"Sijui ni nini. Ila siyo ng'ombe, siyo kichuguu, na siyo lile gari. Nchi hii yote hakuna ng'ombe wa bluu." Akavuta pumzi. "Makoye. Ukitokea pale kona, mimi nataka nijue ni wewe kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Umenisikia?"

Makoye akasema, "Nimekusikia, Baba." Alirudi amebeba bati moja tu. Mengine aliyaacha kule kule barabarani, na hadi leo mbuzi wanalalia damu ya mzee yangu.

Masudi aliposikia alifurahi. Anasema bluu hiyo ni ile ile inayopakwa malori, haina unga wa kung'aa ndani, makopo yake yapo Kahama na yapo Geita, ikikwaruzwa inachanganywa palepale. Joto ni la wastani. Vumbi itaonyesha, hapo hakuna ujanja, kwa hiyo nimeshamwambia Makoye akija hapa ndoo na kitambaa viko mlangoni, na mimi nitakuwa nimekaa.

Alibaki Paskazia. Mimi nilikuwa nimemkasirikia pia, nisikufiche. Mtu amekuangushia mume na amekupikisha msiba wa mtoto aliye hai. Lakini nilichoka kumkasirikia, Serafina. Hasira nayo ina uzito, na mimi tayari namnyanyua mtu mzima kila asubuhi. Nikachukua lile bati la bluu nikaenda nalo kwake. Alidhani nimekuja kugomba. Akasema kabla sijakaa, "Mama Makoye, niliona nyeupe. Ninyi mnaona gari, mimi bado naona ile ya siku ile."

Nikamwambia, "Najua. Tazama hii."

Akaipangusa kwa upindo wa kanga. Akaipeleka mlangoni, akaiegemeza ukutani, akarudi nyuma hadi kwenye mawe ya jiko, akaitazama kutoka pale. Halafu akasema, "Hii ikija sitatupa ndoo." Nikamwachia bati. Anasema analizoea.

Nikampigia Makoye nikamwambia ninachotaka: siku ya kulileta likishapakwa, asije moja kwa moja kwangu. Aanzie kwa Paskazia, apige honi, amkalishe mbele, waingie wote hapa uwanjani. Alikataa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa, na Paskazia ndiye aliyemzaa yule aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Mwishowe akasema, "Akae mbele, Mayu. Lakini mwambie asiniimbie." Nikamwambia hilo siwezi kumwahidi, nitajaribu.

Na baba yao amekubali. Atawasubiri kwenye kiti chake kando ya ghala, akiona bluu kule kona anasimama, nitamshika mimi na Limi, na anapanda. Jumatatu yake wanaenda kliniki. Daktari alisema mguu bado una matumaini kama hautaachwa tena. Kwa hiyo siku hiyo si ya sherehe tu. Chakula nitakipika kikubwa, usiwe na wasiwasi, mke wa mwenyekiti nimemwalika ili aone vizuri.

Lakini nakutaka wewe. Nimechoka kufurahi peke yangu, mdogo wangu, na furaha hii bado ina michubuko. Siku ile nilipokaa chini kwenye pamba, jina nililoliita halikuwa la Mungu wala la mama, lilikuwa lako, nami sijui kwa nini. Njoo. Pandeni basi mapema. Mkishuka stendi ya Shinyanga Makoye atawapokea, na hamtauliza mtu gari ni lipi.

Msalimie shemeji Gaudensi, mwambie amwachie mtu kahawa yake kidogo, haitakimbia. Wasalimie mwanao Aneth na mumewe, na mjukuu mpe busu. Baba Makoye anawasalimu, Limi anawasalimu, na Paskazia anauliza kama bado unasuka mistari midogo. Mungu wa baba zetu awafungulie njia, awafikishe mkiwa na viungo vyote, na atuache wote tukiwa hai kwa muda mrefu, maana ugali wa msiba tumeshaula.

Mimi ni dada yako nikupendaye, ninayekutazamia pale kona ya kisima, Jumamosi, tarehe tisa Agosti.

Nyamizi, Mama Makoye